Dirisha dogo la getini: namna ya kuisoma historia ya baa ya dansi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Baba yangu mdogo ameniachia baa Kilosa, si mbali na stesheni. Nyuma kuna ua mpana wenye sakafu ya saruji iliyosagika hadi inang'aa, na jukwaa la futi mbili hivi. Ukuta wa mbele, pembeni mwa geti, una kidirisha cha ukubwa wa daftari ambacho fundi anataka kukiziba. Wazee wanasema hapa palipigwa dansi la bendi kila mwisho wa mwezi. Mmoja anaapa kwamba Salum Abdallah ndiye aliyelifungua jukwaa mwaka 1968. Wa pili anasema Mbaraka alipiga hapa na Super Volcano mwaka 1971. Wa tatu anakumbuka NUTA tu, basi. Nataka kuiandika historia hiyo ukutani, halafu nirudishe muziki wa bendi. Nimwamini nani? Na kwa nini bendi ziliacha kuja?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba mdogo, na hongera kwa kuuliza kabla ya kushika brashi ya rangi. Nimeziona baa zaidi ya moja zenye "Tangu 1955" ukutani, ukimuuliza mwenye baa 1955 ilitoka wapi anakujibu aliipenda tu.

Tuanze na wazee wako. Salum Abdallah Yazidu, yule waliyemwita SAY, alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965, kwa hiyo 1968 hakufungua jukwaa lolote, si Kilosa wala kwingineko. Mbaraka Mwinshehe naye mwaka 1971 alikuwa bado Morogoro Jazz. Super Volcano aliiunda 1973 baada ya kuondoka Morogoro Jazz, na alikaa nayo hadi ajali iliyomwua Kenya, karibu na Mombasa, Januari 1979. Ukiandika ukutani kama walivyokwambia, atapita mpenzi mmoja wa muziki wa zamani, atasoma, atacheka, na hataamini hata bei za vinywaji vyako.

Lakini usiwaite waongo. Kumbukumbu ya dansi hushika jina la nyota ikaiacha tarehe. SAY alipofariki, bendi yake ya Cuban Marimba haikufa. Iliendelea kwa miaka chini ya Juma Kilaza, na watu wengi waliendelea kuiita "bendi ya Salum". Mzee wako wa kwanza akisema 1968, inawezekana kabisa kwamba aliiona Cuban Marimba ya Kilaza, akacheza nyimbo za marehemu, na kichwani mwake marehemu akasimama jukwaani. Wa pili ama amekosea bendi ama amekosea mwaka. Muulize swali moja tu: siku ile Mbaraka alikuwa ameshaenda Japani au bado? Morogoro Jazz ilipiga Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70, na safari ile ilizungumzwa mkoa mzima. Akikumbuka watu wakisimulia Japani huku bendi ikiitwa Morogoro Jazz, umepata kipindi cha kati ya 1970 na 1973. Akikumbuka watu wakilalamika kwamba Mbaraka ameiacha bendi ya nyumbani, basi ni 1973 au baadaye, na Super Volcano inakaa mahali pake.

Huyo wa tatu, aliyesema "NUTA tu, basi", ndiye shahidi wako bora, na nadhani hukumpa uzito. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Jina la chama lilipogeuka kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikawa Juwata Jazz. Miaka ya mwanzo ya 1990 ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa hiyo kila mzee anayelitaja jina la bendi ile anakupa tarehe bila kujua. Mtu aliyeiona mwaka 1985 hakawii kuiita Juwata. Anayesema NUTA bila kusita aliiona kabla.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa, na hapa nitakaa kidogo.

Watu hudhani historia ya baa ya dansi ni historia ya jukwaa: nani aliimba, nani alipiga solo. Mimi baada ya miaka mingi ya kuwahoji wanamuziki na wenye baa nimeacha kuanzia huko. Naanza na maswali mawili makavu: pesa ya wachezaji ilitoka wapi, na vyombo vilikuwa vya nani? Ukipata majibu hayo, mengine yote yanajipanga.

Pesa kwanza. Reli ya Kati ilifika Morogoro 1907 ikaendelea magharibi kupita Kilosa, na baadaye tawi la Kidatu likachomoka hapo hapo Kilosa. Pembeni mwa reli, kuanzia Ngerengere mpaka Kimamba, yalitandikwa mashamba ya mkonge, mengi yakiwa ya Wagiriki na Wahindi. Manamba, vibarua wa mashamba hayo, walifanya kazi kwa kipande: kadi ya siku 30, ikijaa ndipo unalipwa. Fikiria maana yake kwa mji mdogo. Wiki nyingi hakuna hata shilingi barabarani, halafu ghafla wanaume mamia kwa mamia wana mshahara mfukoni, hawana familia karibu, na treni ya kuwarudisha kwao hawajaiamua. Ongeza wafanyakazi wa reli na makarani wa serikali wanaolipwa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana wazee wako wote watatu, wasiokubaliana kwa lolote, wamekubaliana kwa maneno manne: "kila mwisho wa mwezi". Baa yako haikuwa ya dansi kila usiku. Ilikuwa kama mto wa msimu.

Pesa hiyo hiyo ndiyo iliyoulea mji wa Morogoro. Leo vijana hawaamini kwamba mji kasoro bahari uliwahi kuwa na bendi mbili ambazo Dar es Salaam ilizihofia. Morogoro Jazz ilianza 1944. Salum Abdallah akaanzisha La Paloma 1948, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba, naye kichwa kikiwa kimejaa santuri za Kuba, zile zenye herufi GV, zilizokuwa zikizunguka Afrika tangu miaka ya 1930. Mji uligawanyika. Ulikuwa wa Cuban au wa Jazz, kama ilivyo Simba na Yanga, na ndoa zilifungwa kwa kuvuka mpaka huo kwa tahadhari. Morogoro haikuwa peke yake. Tabora ilikuwa na Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe. Tanga ilikuwa na Jamhuri na Atomic. Musoma ilikuwa na Mara Jazz. Ukiweka miji hiyo kwenye ramani unaona reli, bandari, mkonge, pamba. Sikatai vipaji, ila vipaji viko kila mahali. Mishahara haiko kila mahali.

Bendi za mwanzo zilikuwa klabu. Zilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wanachama wa kulipa ada, na ugomvi wa kila mkutano mkuu. Vyombo vilikuwa mali ya klabu. Hata dansi lenyewe mara nyingi lilifanyika kwenye ukumbi wa jamii uliojengwa na serikali ya kikoloni, si baa, kwa sababu sheria za wakoloni zilimbana Mwafrika katika suala la vileo, na pombe ya kienyeji ilikuwa na vilabu vyake vilivyosimamiwa na halmashauri. Baa yenye bia ya chupa, jukwaa na bendi ya umeme ni mtoto wa mwisho wa ukoloni na mwanzo wa uhuru. Kwa hiyo kama mtu akikwambia jukwaa lako ni la mwaka 1940, mpe kiti, mpe soda, usiandike.

Na umeme nao ni kipimo. Gitaa la umeme linataka amplifaya, na amplifaya inataka waya. Uliza TANESCO ilifika lini mtaa wenu, na kabla ya hapo kama palikuwa na jenereta ua wa nyuma. Tafuta msingi mdogo wa saruji uliojitenga, wenye vyuma vinne vilivyokatwa, na mabaka ya mafuta ambayo hayatoki hata ukisugua. Ukiupata, piga picha. Huo una thamani kuliko picha yoyote ya Mbaraka utakayoidesa kwenye intaneti.

Sasa vyombo. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, na hasa uchumi ulipobana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kuagiza gitaa, spika au hata nyuzi kutoka nje kulihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwa za klabu ya watu wa Kilosa. Waliozipata ni mashirika ya umma, majeshi na jumuiya za chama: Polisi Jazz, Kimulimuli ya JKT, Vijana Jazz, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Bima Lee. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara na sare. Si vibaya. Lakini klabu za mikoani, ambazo spika ikiungua hazina pa kupata nyingine, zilikufa moja moja. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Wanamuziki walilijua hilo kuliko wachumi. Jaribu kufuatilia maisha ya wapiga solo wa enzi ile, utaona kuhama kwao mara nyingi hakufuati mtindo wala urafiki, kunafuata seti mpya ya vyombo. DDC Mlimani Park, Sikinde yenyewe, ilizaliwa 1978 ndani ya baa Dar es Salaam, chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1983. Miaka miwili tu baadaye tajiri mmoja wa Kimara alikuwa na vyombo vizuri, akawachota wanamuziki kadhaa wa Sikinde wakazaa bendi ya Ndekule. Hao ni wakubwa wa Dar. Bendi ya wilayani ingeshindana vipi?

Hapo ndipo baa kama yako ilipobadilika kimya kimya. Haikuwa tena na bendi jirani inayokuja kwa treni na kulala kwa shemeji. Ikawa kituo cha ziara. Bendi kubwa kutoka Dar inakuja mara moja au mbili kwa mwaka, gari la kipaza sauti linazunguka tangu asubuhi, watu wanauza kuku waingie. Usiku mmoja mzito, halafu miezi kumi ya kaseti. Mwenye baa alipata fedha nzuri usiku ule, lakini ule usiku ndio uliomalizia bendi za karibu. Nani atakwenda kuwaona vijana wa mtaani na amplifaya inayokoroma akiwa amemwona mwimbaji Gurumo mwezi uliopita?

Mkonge nao ulikuwa umeshaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa chini ya 50,000. Mashamba ya Kilosa yaliota majani. Na bia ilikuwa ya mgao. Baa bila manamba na bila bia, hata bendi ikija bure, inapigia nani?

Watu wengi watakwambia disko ndilo lililoua dansi, au Bongo Fleva, au redio binafsi zilizoanza 1994. Zilichangia, sikatai. Lakini kwa miji kama Kilosa hayo yalifika kwenye matanga, maiti ilikuwa imeshazikwa. Tena bia ilirudi kwa wingi baada ya kiwanda cha bia kubinafsishwa 1993. Bendi hazikurudi nayo.

Zilipojaribu kurudi zilirudi kwa masharti mengine, nayo nakuomba uyasikilize kwa makini kwa sababu yanakuhusu wewe unayetaka kuanza tena. Zamani mapatano yalikuwa mepesi: mlango ni wa bendi, kaunta ni ya mwenye baa. Bendi inaweka mtu wake getini, anakata tiketi, anahesabu. Mwenye baa haingilii. Akitaka hela nyingi, avutie watu wakae, wanywe. Kila upande ulikuwa na sababu ya kumpenda mteja. Mpiga solo alijua akirefusha chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, mpaka watu watoke jasho, kaunta itauza, na mwezi ujao ataitwa tena. Mwenye baa alijua akimuudhi mpiga besi, geti litakuwa tupu.

Kisha likaja lile tangazo unalolijua hata wewe: "Kiingilio kinywaji chako." Linafurahisha, na lilijaza viti. Lakini lisome tena. Mlango umeondoka. Bendi sasa inalipwa posho na mwenye baa, kiasi kile kile watu wakiwa ishirini au mia mbili, na posho ikipungua hakuna hesabu ya tiketi ya kuonyesha. Kwa mwanamuziki, muziki ukageuka kuwa kitu cha kuuzia bia. Nimewasikia wanamuziki wakilalamikia malipo, wenye baa wakilalamikia uvivu, na pande zote mbili zina haki, kwa sababu mapatano yenyewe ndiyo mabovu.

Kuhusu namna ya kuthibitisha mengine, nitakwenda haraka. Kama jengo lilikuwa la Mhindi au Mgiriki, mwaka 1971 huenda lilitaifishwa likaingia kwa Msajili wa Majumba, ambaye baadaye aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Hapo kuna makaratasi. Leseni za vileo tafuta halmashauri, ila ukikuta jina la mwanamke usiyemjua usikimbilie kusema ndiye aliyeijenga. Baada ya miiko ya uongozi ya 1967, kiongozi hakuruhusiwa kuwa na biashara ya pembeni, na baa nyingi zilijikuta ghafla ni za shangazi. Matangazo ya dansi yatafute kwenye magazeti ya zamani, Ngurumo na Uhuru, pale mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Peleka mwaka unaoubahatisha, si jina la bendi, vinginevyo utazeeka humo. Nyimbo zenyewe ziko kwenye maktaba ya kanda ya redio ya taifa, iliyokuwa RTD, kwa sababu kwa miaka mingi hapo ndipo bendi nyingi ziliporekodi.

Lakini kabla ya kupanda basi kwenda Dar, kaa na wahudumu wa zamani. Usiwaulize waimbaji tu. Waimbaji hukumbuka makofi. Baamedi wa mwaka 1974, kama bado yupo, atakukumbusha nani alikuwa hamalizi deni, ni siku gani kreti ziliisha saa nne, bendi gani ilikuwa na vijana wanaotoroka bila kulipa chakula. Mwulize kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, na wanawake waliingia kwa bei gani, maana bei zao mara nyingi zilikuwa tofauti. Mtu anaweza kukosea mwaka, lakini hakosei bei aliyoipokea kwa mkono wake mara mia. Bei ukiilinganisha na ya kwenye matangazo ya magazeti, mwaka unajitokeza wenyewe.

Ukutani ungeandika nini? Kwa uliyonipa mpaka sasa mimi ningethubutu hivi tu: kwamba jukwaa hili lilipokea bendi za dansi za Morogoro na za Dar es Salaam, na kwamba NUTA Jazz ilipiga hapa kabla haijawa Juwata. Cuban Marimba na Morogoro Jazz zisubiri mashahidi wawili wasiofahamiana, au tangazo moja la gazeti. Nafasi iachwe. Rangi inakauka haraka kuliko ushahidi.

Na hilo dirisha la ukubwa wa daftari, urefu wa tumbo, pembeni mwa geti, upande wa nje: hilo ni dirisha la tiketi. Chungulia kwa ndani, aghalabu utakuta kibao cha mbao au kizingiti kilicholika katikati, pale sarafu ziliposukumwa. Hapo ndipo alipokaa mtu wa bendi na kitabu chake cha tiketi, akihesabu hela ambazo mwenye baa hakuzigusa. Ukirudisha bendi, jaribu kuwapa mlango wao, hata kwa Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, uone watakavyopiga. Lakini hilo utaliamua wewe. Kwa leo, mpigie simu fundi asiliguse.